Jiwe la Saba

Mawe yote ya njia ya kale ya wapagazi yalikuwa yamepatikana, kila moja limechongwa nyota, isipokuwa la saba. Mwasiti, aliyejitolea kuifyeka njia hiyo tangu Jumatatu, alilipima shimo lake tupu kwa shubiri, mara akakumbuka alikoliona jiwe la ukubwa ule ule. Akatimua mbio, fyekeo mkononi, hadi kwa mama mkwe wake aliyekuwa akifua.

"Mama, ondoa nguo! Hilo jiwe lako la kufulia ndilo!"

"Mwanangu, una wazimu?"

Walilipindua pamoja, wakihema. Chini yake, ndani ya tope, nyota! Mwasiti akapiga vigelegele, na wenzake wa kufyeka njia wakaja mbio na toroli.

"Ngojeni kwanza," alisema mama mkwe, akichukua sabuni. "Kwangu halitoki chafu."

Povu likaanza kujaa ndani ya nyota.