Siku Arobaini Nyumbani kwa Mama Concessa

Simu ya Arielle ilizimwa, ikafungwa ndani ya kitambaa cha kichwa, ikatumbukizwa kwenye ndoo ya unga wa muhogo. Mama Concessa akashindilia kifuniko kwa viganja vyote viwili.

"Siku arobaini," alisema. "Ukizimaliza, hakuna jela."

"Na mtoto wangu?"

"Utamkuta kwa jirani yako Dorothée, mzima. Afadhali akukose mwezi kuliko miaka, binti yangu."

Arielle akakubali. Mwezi wa sita, polisi waligonga kioo cha gari lililoegeshwa karibu na bandari. Mwanamume akatolewa upande wake, Arielle upande wake. Wakamhoji kwa Kiingereza, naye Kiingereza chake ni cha kuokoteza, wakaandika jina na anwani. Kisha ikaja barua ya mahakama. Kwao Bukavu, mwanamke akikutwa hivyo analala rumande, na mtaa mzima unajua kabla hakujapambazuka.

Barua za Kiswidi, watu wa kanisa la Arielle walimpelekea Mama Concessa. Za kodi, za shule, za daktari wa meno, zote. Alikuwa mjane wa Kirundi, yuko mji wa Tumba, huku kwa Waswidi, tangu miaka ya tisini, anahudumia wazee. Ile ya Arielle aliisoma akiwa amesimama jikoni. Akaketi, akaisoma tena, akaomba maji.

"Wanakutaka mahakamani tarehe ishirini na tano Agosti," alisema. "Niachie. Nitazungumza nao."

Siku ya tatu akaja na jibu: mahakama imekubali Siku Arobaini badala ya kifungo. Hiyo ilikuwa desturi ya kanisa lao. Mlevi au mgomvi alihamia kwa mzee wa kanisa, akafunga na kuomba, hatoki wala hapokei mgeni, hadi zitimie. Papy, fundi wa mabomba, aliacha pombe kwa njia hiyo, akairudia, akaiacha tena. Arielle akaona kama imemfaa Papy, basi hata yeye.

Chumba alichopewa kilikuwa na kitanda, dawati na viatu vya mpira vya kiume.

"Vya mwanangu Félix," alisema Mama Concessa. "Amepata kazi Märsta, analala hukohuko."

Sebuleni palikuwa na msumari mtupu ukutani, na chini yake mraba uliokuwa mweupe kuliko ukuta wote. Kila Jumamosi Arielle aliufuta vumbi pamoja na rafu.

Wala usidhani mama yule alikuwa askari jela. Alimpikia sombe ya majani ya muhogo, alimsuka nywele, na kufunga akafunga kuliko aliyepaswa kufunga. Alfajiri Arielle alimsikia ng'ambo ya ukuta akilia: "Bwana, mwepushe na jela. Mpumbavu tu, si mbaya." Akaona aibu. Tangu mama yake mzazi afe, hakuna mtu aliyekuwa amemlilia namna ile.

Siku ya thelathini na moja shule zilifunguliwa. Mtoto wake Heshima alikuwa na miaka sita, ndiyo siku yake ya kwanza. Arielle alikuwa amemnunulia begi jekundu, akaja nalo Tumba maana aliapa kumvisha kwa mikono yake. Asubuhi hiyo alivaa, akachukua begi, akasimama mlangoni.

"Saa moja tu, Mama. Nimwone akiingia darasani, nirudi."

"Ukivuka hapa wanakukamata."

"Atanitafuta, Mama. Atageuka nyuma anitafute."

Mama Concessa alishika kitasa. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema. "Hayo usinifundishe mimi."

Kisha akaanza kulia yeye, Arielle akafuata, wakalia wamekumbatiana na lile begi katikati yao.

Tarehe ishirini na tano Mama Concessa hakwenda kazini. Alikaa mezani, Biblia imefungwa, simu pembeni. Saa tisa ikalia. Alisikiliza, hakusema neno zaidi ya asante, akapiga magoti palepale sakafuni.

"Imekwisha," alisema. "Hakuna jela."

Arielle akapiga magoti kando yake, akambusu mikono. Siku tatu zilizobaki walizimaliza kwa nyimbo.

Siku ya kuondoka alipewa simu yake, ina unga hadi kwenye vitufe, na mfuko wa maandazi ya Heshima. Akaiwasha kituoni, akisubiri treni. Kulikuwa na ujumbe mwingi. Wa mwisho, wa tarehe ishirini na tano, ulikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Nairobi.

"Dada Arielle, mimi ni mkalimani wa mwendesha mashtaka. Leo tumekungoja mpaka mwisho. Kama ni woga, ningependa ujue: wewe hukushtakiwa. Nchi hii hushtaki anayenunua mwili, si anayeuza. Ulikuwa shahidi, na bila wewe kesi imefutwa. Yule mwanamume ameenda zake."

Arielle aliusikiliza mara tatu. Treni ikaja, ikaondoka. Siku arobaini! Lakini Kiswidi cha mahakama ni kigumu, alijiambia, na Mama Concessa ni mtu mzima, macho yamechoka, huenda alisoma vibaya. Hatamwambia. Ya nini kumvunja moyo mtu aliyemlilia vile?

Ndipo akakumbuka begi jekundu. Lilikuwa limebaki nyuma ya mlango. Akarudi mbio.

Mlango haukuwa umefungwa. Mama Concessa alikuwa amesimama juu ya kiti, amempa mgongo, anarudisha picha kwenye msumari. Kijana wa kwenye picha alivaa kofia nyeupe ya kumaliza shule, anacheka.

Mara ya mwisho Arielle kuuona uso ule, polisi walikuwa wakimtoa mwenyewe garini, upande wa dereva.