Kinywa cha Kamanda

"Fungua. Panua. Sema aaa."

Fundi Saa alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, mswaki mdogo laini mkononi. Mbele yake Kamanda, mbwa mzee wa kahawia, alimtazama kwa adabu zote huku ameuma meno.

Fundi akajaribu kumwinua mdomo kwa kidole. Kamanda akageuza shingo. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Kamanda akaenda kulala chini ya meza. Mtu aliyetumia maisha yake kufungua saa ndogo kuliko ukucha alikuwa ameshindwa kufungua mdomo wa mbwa, tena mbwa asiyembwekea hata mgeni.

Hakukasirika. Tangu amzike mkewe hakuwa na hasira, wala huzuni, wala njaa. Msibani watu walimsifu kwa kujikaza. Hakuwa amejikaza. Alikuwa amekufa ganzi tu, mwili na roho.

Daktari wa mifugo, mama mnene asiyezunguka maneno, hakumficha. Asubuhi ya siku ile, kliniki, alifaulu kuinua pembe moja ya mdomo kabla Kamanda hajajinasua.

"Mzee, ukoga umeanza kugeuka jiwe, na fizi zinavuja damu. Marehemu alikuwa anampiga mswaki kila siku, ndiyo maana kazeeka na meno ya kijana. Ukiacha hivi, itabidi nimlaze kwa nusu kaputi, nimsafishe, ning'oe mabovu. Na kwa moyo wake huu, siwezi kukuahidi kwamba ataamka."

"Nitampiga mswaki."

"Kwa dawa ya mbwa, siyo yako. Wewe unatema, yeye anameza. Na taratibu, pale fizi inapokutana na jino."

"Hafungui mdomo, daktari."

"Kwa mkeo alikuwa anafungua mwenyewe! Alikuwa na neno lake, sijui neno gani, anamnong'oneza sikioni, basi, mdomo wazi mpaka magego. Nilimwambia aje awafundishe wateja wangu, akacheka."

Fundi hakulijua neno hilo. Angelijulia wapi? Hakuwa ameongea na mkewe tangu harusi ya binti yao. Yeye aliikataza harusi ile; mkewe akavaa gauni jipya, akaenda, akacheza, akarudi. Fundi akanuna. Kununa kukawa mazoea, mazoea yakawa ndoa.

Lakini kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Fundi akiwa kwenye kiti chake sebuleni, sauti ya mkewe ilipenya mlango wa jikoni, ya chini, ya kubembeleza:

"Nisamehe, baba."

Tangu binti yao azaliwe, mkewe hakumwita Fundi jina jingine ila hilo la baba. Fundi aliyasikia maneno hayo vizuri. Masikio yake yalizoea kusikia saa inayochelewa. Alielewa kwamba mwanamke anaona haya kumwomba uso kwa uso. Na alikusudia kumjibu, tena kwa moyo mmoja, siku atakapofungua mlango na kuyasema waziwazi. Wakati huo akawa anakaa pale kuyangoja kila jioni kama mgonjwa anayengoja dawa yake, na akishayapata analala vizuri.

Kisha asubuhi moja mkewe alianguka bafuni, hakuinuka tena.

Binti alipokuja kumfulia mapazia, Fundi alimwambia. Hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Mama yako aliniomba msamaha. Kila jioni, nyuma ya mlango huu. Amekufa sijamjibu."

Binti aliacha kukamua pazia. "Mama? Akuombe msamaha kwa harusi yangu?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Mama niliyemjua mimi..." Alimtazama baba yake usoni, akaona afadhali aishie hapo. "Basi ungemjibu, baba."

"Ningemjibu."

Hicho ndicho kitu pekee kilichopenya ile ganzi: kwamba aliombwa, akabembelezwa, akanyamaza. Kilimuuma, naye alikishikilia kwa mikono miwili, maana nyumba nzima hakikubaki kingine cha mkewe. Hicho na mbwa.

Jioni akarudi sakafuni. Akapaka dawa yenye harufu ya kuku, akaanza kubahatisha upya. Nyama. Kaa. Tabasamu. Meno. Mpenzi. Kamanda aliyasikiliza yote kwa makini, kama hakimu, akayakataa yote.

Fundi akamshika taya, akasukuma mswaki kwa nguvu. Ukateleza, ukachoma fizi. Mbwa akalia kilio kifupi, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Kwenye nywele za mswaki kulikuwa na damu. Fundi aliitazama, na machozi ambayo msibani hayakuja yakaja sasa, mengi, bila kumwuliza. Aliutazama mlango wa jikoni. Ulikuwa mlango ule ule, ila safari hii yeye ndiye aliyekuwa upande wa huku. Hakujua anamwambia mbwa au anamwambia mkewe. Maneno yalimtoka vile vile alivyozoea kuyasikia, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza.

"Nisamehe, baba."

Kamanda akasogea, akaketi mbele yake, akainua kidevu, akaachama mpaka magego, akatulia kungoja mswaki.