Wa Saba Kutoka Kushoto

Msichana wa tano alitajwa Alhamisi asubuhi. Mkunga mstaafu alisoma, akasoma tena, kisha akakisukuma kikombe cha chai mbali kama kilichoingiwa na nzi.

"Huyu naye alishakufa, maskini," alisema mjukuu wake, mwalimu wa shule ya msingi, akiikuza picha kwenye kompyuta. "Mwenyeji ameandika, 'Mungu amrehemu, nilikuwepo mazikoni.' Bado mmoja tu, Bibi, halafu zamu yako!"

Picha ilitoka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya picha za kale za mji. Mjukuu alikuwa akitafuta cha kupamba sherehe ya Jumatatu, siku ambayo wodi mpya ya wazazi ingepewa jina la bibi yake. Alizurura humo siku nzima: stendi ilipokuwa bwawa, benki ilipokuwa chuo cha wauguzi. Na hapo, kwenye ngazi za chuo, akawakuta wasichana saba wenye kofia nyeupe, wamejipanga mstari mmoja. Chini yake hifadhi iliuliza: Unamjua nani hapa? Mtu aliyejiita Mwenyeji alikuwa akijibu tangu Jumapili, msichana mmoja kila asubuhi, kuanzia kushoto: jina kamili, na jambo dogo la kumkumbuka.

"Wewe ndiye wa saba, si ndiyo?"

"Wa saba."

"Mbona pua si yako?"

"Pua nayo huzeeka, mke mwenzangu. Subiri yako."

Mjukuu alicheka. Bibi hakucheka. Macho yake hayakuwa kwa wa saba. Yalikuwa juu, kwenye dirisha la ghorofani, aliposimama binti mwembamba mwenye ufagio. Huyo ndiye aliyekuwa yeye.

Miaka miwili alifagia ukumbi wa masomo taratibu kuliko vumbi lilivyohitaji, sikio likiwa kwa mwalimu. Kisha kivuko kilichokuwa kikimrudisha wa saba kwao baada ya mtihani kikapinduka. Wengi hawakuonekana tena, naye akiwamo. Cheti chake kilipoletwa na posta, aliyekipokea mlangoni alikuwa mfagiaji. Alikificha kifuani, akahamia mbali akafanya ukunga kwa jina lile, na aliporudi mjini miaka mingi baadaye hakuna aliyemkumbuka. Mikono yake haikumdanganya mzazi hata mmoja. Jina tu ndilo lililodanganya, na jina ndilo lililokuwa likienda kuchongwa ukutani.

"Waandikie waiondoe," alisema.

"Picha? Bibi! Wenzako wanalilia kuonekana humo, wewe unalilia kutolewa?"

"Nimesema waandikie."

Mjukuu aliandika. Hifadhi ikajibu kwa adabu zote kwamba picha ni mali ya mji.

Ijumaa akatajwa wa sita. "Alinikanyaga pale ngazini picha ikipigwa, na hadi leo hajaniomba radhi." Mjukuu alicheka mpaka akakohoa. Bibi aliusoma mstari ule tena. Kumbe Mwenyeji hakusimuliwa, alikuwepo. Na aliyekuwepo alijua nani alizama, na nani alikuwa akifagia.

Mara tatu alimwita mjukuu wake ili amweleze kabla hajaelezwa na watu, na mara tatu akaishia kuomba maji.

Jumamosi mjukuu alisoma kwa sauti, amesimama kama yuko mbele ya darasa. "Wa saba kutoka kushoto..." Likafuata jina lile lile la kwenye cheti, herufi kwa herufi. "Ndiye mkunga wetu. Yu hai, na nusu ya watoto wa mji huu wamepita mikononi mwake. Ukuta ule ni haki yake."

Bibi aliishika meza kwa mikono miwili. Amekosea! Mungu wangu, mtu wa watu amekosea! Pumzi aliyokuwa ameifunga tangu Jumapili ikamtoka yote kwa pamoja, machozi nyuma yake.

"Usilie bado, Bibi, hajamaliza. Kaongeza mstari hapa chini."

"Soma."

"'Na yule wa dirishani, mwenye ufagio, ni mimi.'"