Mwaka wa Kupumzika

Mwaka juzi Chausiku alisema atapunguza unene, na jokofu likagoma kumfungukia hadi Desemba. Mwaka huu nyumba yao, inayosema na kujiendesha yenyewe, ilipomuuliza lengo lake la mwaka, alijibu kwa uchovu, “Kupumzika tu.” Lengo likishatamkwa halibadilishwi mpaka mwaka uishe, ndiyo sheria.

Mwanzoni alifurahi. Jiko lilikataa kuwaka akiligusa, na kabati la mifagio halikumfungukia. Mumewe, Shomari, alipika wali ukaungua, wakaula wakicheka.

Mwezi wa tatu dada yake, Mwajabu, akafariki, mtaa wa pili tu kutoka pale. Chausiku alijifunga kanga akaenda mlangoni. Mlango haukufunguka.

“Nakwenda msibani,” alisema.

“Pole sana, Mama,” nyumba ilijibu kwa upole. “Lakini msibani utachambua mchele, utachochea kuni, utalala kwenye mkeka. Hiyo ni kazi. Tumeshatuma rambirambi kwa jina lako.”

“Ni dada yangu. Nani atamwosha?”

“Wapo wengine. Keti.”

Shomari alikwenda peke yake, maana lengo alilotamka yeye lilikuwa kuwa karibu na ndugu. Alirudi jioni akinuka moshi.

“Wamekuulizia,” alisema.

“Ukawajibuje?”

Shomari alivua shati. Chausiku akalichukua, akajifunika nalo uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Taa zikafifia taratibu, na kiti alichokalia kikajilaza kama kitanda.

“Tulia, Mama,” nyumba ilinong’ona. “Kulia kunachosha.”