Nauli ya Kizibo

Mwenye duka alikirusha kizibo cha sinki ukutani. Kikadunda, kikamrudia na kumgonga muundini, na hapo ndipo hasira zilipompanda sawasawa.

"Umeona?" alimfokea binti yake aliyekuwa kaunta, mbele ya kompyuta. "Hata vizibo vyenyewe vimeanza kunipiga!"

Binti hakuthubutu kucheka. Aliyewasha moto ni mteja aliyetoka muda huo huo. Alikitazama kizibo, akaitazama bei, akauliza kama ndani wametia dhahabu. "Hapo ng'ambo kinauzwa robo ya hii, mama," akasema, na akavuka barabara.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Tabasamu. Jina hilo mwenye duka ndiye aliyembandika jirani yake, kwa chuki, maana jirani yule alichekacheka jua likiwaka, mvua ikinyesha. Vizibo, visahani vya sabuni, ndoano za taulo, vyote alikuwa akiviuza kwa bei ya kutupa. Mwenye duka alikuwa ameapa kutolikanyaga duka lile, na akipita hata jicho halitupi.

"Anakwepa ushuru," alisema. "Kizibo chake kinapanda meli kama changu. Atauzaje bei hiyo kama si mwizi?"

"Mama, labda ni ile hesabu ya nauli. Nilikwambia..."

"Usinirudishe huko!"

Hiyo ilikuwa vita yao ya zamani. Siku walipoweka programu ya stoo, kompyuta iliuliza gharama za kontena, yaani nauli ya meli, ushuru na upakuzi, zigawanywe vipi kwenye bidhaa: kwa uzito, kwa thamani au kwa idadi? Binti alitaka uzito. Mama akakataa katakata. Alikuwa amelea nyumba nzima ya watoto na hakuna aliyewahi kupata kipande kikubwa kuliko mwenzake. "Kila kilichopanda meli kilipe sawa na mwenzake," alisema. "Dukani kwangu hakuna mtoto wa kambo." Bei zikapangwa hivyo, kizibo kikabeba nauli ileile ya sinki, na ubishi ukaishia hapo.

Na si kwamba vyote vilimwozea. Yale masinki makubwa ya kauri, yenye miguu yake, hayakuwahi kulala stoo. Kontena likifunguliwa tu, fundi bomba mmoja, kijana mwenye adabu zake, alifika na pikapu, akachukua yote kwa taslimu bila kuomba apunguziwe. Mwenye duka alimpa kiti, akampa soda, akamwita mwanangu. Kila sinki alilitia kwanza tone la rangi yake ya kucha chini, kwa mkono wake, asije mjanja akamrudishia la kwingine lililopasuka. Vijana wa kupakia walimcheka, eti mama anayapamba masinki kama maharusi. Yeye hakujali.

Lakini duka lilikuwa linakauka. Masinki yanaisha, na akigeuka, droo ya pesa tupu. Muda wa kuagiza kontena lijalo ulikuwa unaisha wiki ile, na bila malipo ya awali haliji. Marehemu mumewe alimwachia chumba kimoja chenye rafu mbili. Yeye ndiye aliyekikuza mpaka kikaitwa duka, na sasa lilikuwa linamfia mikononi huku akilitazama. Ilimuuma kama jipu. Na muuaji alimjua.

"Leo hilo tabasamu nalifuta," alisema, akabeba mkoba.

"Mama, tukae kwanza tuitazame..."

"Kaa wewe."

Alirudi mchana na afisa wa forodha, mtu mnene aliyekuwa akijipepea kwa kofia. Wakavuka barabara pamoja, naye binti akawafuata nyuma, roho mkononi.

Tabasamu aliwakaribisha kwa meno yote nje. Afisa akataka karatasi za vizibo, zikaletwa. Akataka za visahani na ndoano, zikaletwa pia. Akazipitia polepole, akazifunga.

"Hivi viko safi, mama."

"Haviwezi kuwa safi!" Sauti ilimpasuka. Akaangaza huku na huku kama anayetafuta fimbo, na ndipo alipoyaona kule nyuma: masinki makubwa ya kauri, yenye miguu, yamepangwa mpaka ukutani, na kila moja limebandikwa bei iliyoizidi ya dukani kwake maradufu.

"Na yale? Hata kiwanda ameniiga, mnyonyaji huyu! Mwulize yale yameletwa na meli gani!"

Afisa alimgeukia Tabasamu. "Karatasi za yale?"

"Sina, afande. Mimi sikuyaingiza."

"Ahaa!" Mwenye duka alimnyooshea kidole mpaka kikakaribia kumgusa puani. "Umesikia mwenyewe! Andika! Nauli hakulipa, ushuru hakulipa, halafu mimi ndiye nife njaa!"

"Vyote vimelipwa," alisema jirani, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Nauli, ushuru, hata upakuzi."

"Na nani?" akauliza afisa.

Tabasamu aliita mtu wa nyuma aje kumsaidia kupindua sinki moja. Akatoka yule fundi bomba, kiunoni amefunga aproni ya duka lile.

"Shikamoo, mama," alisema, macho chini.

Sinki likalazwa ubavu. Afisa akainama, akalisugua kwa kidole gumba tone jekundu lililokuwa chini yake, kisha akainua macho na kuutazama ukucha wa kile kidole ambacho mwenye duka alikuwa bado amemnyooshea jirani yake.