Tembo Aliyemsaka Mbu

Hebu fumba macho uone bonde la mbali, mvua imekatika, na Tembo anapita matopeni kwa hasira. Mwanawe anatetemeka kwa homa. Mara mbili amekunywa dawa akapona, na mara mbili homa imerudi.

"Mbu wanazaliwa kwa jirani mchafu," alifoka Tembo. "Nitamjua tu!"

Alikwenda kwa Ngiri akachungulia shimo lake. Lilikuwa kavu. Akaenda kwa Nyani akapekua pango la mti wake. Kavu vilevile. Kila siku alizunguka bonde zima, na kila siku mbu waliongezeka.

Siku ya saba alimkuta Kobe akisukuma udongo kwa kifua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu anaumwa, wewe unacheza matope?"

"Nafukia mashimo, mzee. Inama uone."

Tembo aliinama. Shimo la duara lilijaa maji, na viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikichezacheza ndani.

"La nani hili?"

"Tia mguu, mzee."

Tembo akatia mguu. Ukaenea sawasawa. Akageuka, akaona mashimo kama hayo yamemfuata bonde zima.

"Kumbe namsaka mbu huku namjengea nyumba!"

Alikwenda kwa Ngiri na Nyani, akawaomba radhi, kisha wote wakafukia pamoja. Mwanawe akanywa dawa mara ya tatu, na homa haikurudi tena.

Mwanangu, mvua ikikatika, nakuomba ukumbuke jambo moja: kabla ya kuchungulia kwa jirani, tazama kwanza ulipokanyaga.