Risasi ya Kumi

Risasi ya kumi iliteleza chini ya kidole gumba cha Yunusi, ikaruka, ikaanguka mchangani mbele ya buti za afisa.

"Okota," alisema afisa.

Yunusi akaiokota, akaipangusa kwa shati lake la kazi, akaibana tena kwenye magazini, kile kisanduku chembamba cha chuma kinachobeba risasi ndani ya mpini wa bastola. Tisa zilikuwa zimeshaingia. Zilitakiwa kumi na tatu. Akakaza meno, akasukuma mpaka ukucha ukawa mweupe. Spring ya ndani yake iligoma. Risasi ikaruka mara ya pili.

Askari waliosimama mstarini walianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa sauti.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, siku za hali ya hatari, na kambi ile ng'ambo ya kisiwa cha Amu ilijaa wafungwa wa siasa walioletwa kutoka bara. Walikuwa hawaruhusiwi kupokea habari za kwao wala kupeleka zao. Yunusi ndiye aliyekuwa akivuka na mfuko wa barua za serikali kila Alhamisi, na mwenye kuvuka na mfuko lazima awe na bastola iliyojaa. Kwa miezi mitano alikuwa akiijaza peke yake, ndani ya chumba cha silaha, mlango umerudishwa. Leo afisa mpya alitaka kuona kwa macho yake.

Wafungwa watatu waliokuwa wakichota maji kisimani walisimama na ndoo zao, wakatazama. Wao hawakucheka.

"Mara ya tatu," alisema afisa.

Yunusi alijaribu. Damu ikatoka pembeni mwa ukucha, ikalowesha shaba ya risasi, na risasi ikazidi kuteleza. Alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na miwili, mwenye mke na binti wa kuozwa, na hapa alikuwa akichekwa na vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kufunga mishipi yao.

Ndipo Shekhan, fundi wa silaha, alipotoka mstarini. Walikuwa wamesoma chuo kimoja, yeye na Yunusi, na moyo wake haukuweza kustahamili.

"Afande, huenda kosa si lake. Spring za magazini hizi nyingine huwa ngumu. Niruhusu niifungue chini niitazame. Ni kazi ya dakika moja."

Afisa akafikiri. Akanyoosha mkono. "Lete."

Yunusi hakuileta. Aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Si magazini, Afande," alisema. "Ni mimi."

"Wewe una nini?"

"Naogopa. Naogopa bastola. Tangu siku ya kwanza. Nikizishika risasi, mikono yangu hukatika nguvu. Magazini haina kosa lolote."

Kicheko kilikatika. Hata askari waliokuwa wakicheka waliinamisha macho, kama watu walioona mtu mzima akivuliwa nguo njiani. Shekhan alirudi mstarini asimtazame tena. Afisa aliurudisha mkono wake polepole, akaufuta kwenye suruali ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Askari anayeogopa bunduki," alisema. "Chombo kinangoja, basi leo nenda hivyo hivyo na tisa zako. Kuanzia Jumatatu utakaa jikoni, uangalie masufuria."

"Ndiyo, Afande."

Mji wa Amu hauna siri. Mabaharia waliomvusha walishuka mbele yake, na mpaka alipokwisha kukabidhi mfuko bomani, maneno yalikuwa yamefika sokoni. Ami yake Hashim alikuwa ameketi mlangoni mwa duka lake la vitambaa. Hakumkaribisha.

"Nimeambiwa neno, Yunusi. Nikasema ni uongo."

"Si uongo, ami."

"Wewe umesema hayo? Kwa ulimi wako, mbele ya watu?"

"Nimesema."

Mzee alikunja kitambaa kilichokuwa mapajani mwake, akakikunjua, akakikunja tena. "Babako alikwenda bara kuwinda nyati na mkuki. Ungesema u mgonjwa. Mtu akiugua hachekwi."

Yunusi alitazama chini. Machozi yalikuwa karibu, na kulia pale ndiko kungemaliza yaliyobaki.

"Shika ndia yako," alisema ami Hashim. "Usinisimamie hapa. Watu watazama."

Akashika njia. Vichochoroni watu walimwitikia salamu kwa kunong'ona, na alipopita alisikia mlango mmoja ukifunguliwa nyuma yake ili watu wamtazame vizuri. Alitembea akihesabu mawe ya ukuta, asije akainua uso.

Mkewe Swafiya alimfungulia kabla hajabisha. Naye alikuwa ameshasikia, ilionekana machoni. Alikomea mlango, akatandika mkeka, akaleta maji ya kunawa ile damu iliyokauka kidoleni. Yunusi aliketi, akajifunika uso kwa viganja vyake vyote viwili.

"Jumatatu naingia jikoni," alisema. "Mji mzima wanicheka, Swafiya."

Swafiya akaichukua magazini kutoka mshipini mwake, akazipukusa zile risasi tisa juu ya mkeka, akabonyeza kitako kwa sindano yake ya kushonea kofia. Kifuniko kikatoka, spring ikaruka, na chini yake akachomoa, kimoja baada ya kimoja, vikaratasi vyembamba vilivyokunjwa mpaka vikawa kama kucha, vimejaa maandishi ya penseli.

"Yeo ni barua za wafungwa wane," alisema, akainuka kwenda kutafuta bahasha nne.